Barua kwa mwanangu: usiliogope chanuo

Mwanangu,

Jana ulivyoniambia una siku nne hujagusa chanuo, umezikusanya tu nywele ukafunga kitambaa juu, sikulala. Najua unaogopa ukichana zitatoka. Zitatoka ndio. Lakini hizo zilishatoka kitambo, ziko humo zimeng'ang'ania zile nzima, na usipoziondoa zinajisokota mafundo mpaka dawa yake inakuwa mkasi. Umevumilia mara mbili ile kofia ya baridi wanayokuvisha ukiwa kwenye dripu ya kemo, dawa ya saratani, ili nywele zisiishe zote, kichwa kikikuuma zile dakika 15 za mwanzo mpaka machozi, afu nywele zikuishie kwa mafundo? Hapana mama. Chana.

Wiki ya pili ya tatu toka dripu ya kwanza ndo zinaanza kudondoka, hata kwa wanaovaa kofia. Ile baridi inabana mishipa ya damu ya kichwani ili dawa ifike kidogo kwenye mizizi, kidogo ila sio kwamba haifiki kabisa, ndo maana hospitali nywele zikibaki zaidi ya nusu wanahesabu kofia imefanya kazi. We umeona kiganja kimejaa ukadhani basi tena.

Mara moja kwa siku, chanuo la meno mapana, anza nchani upande juu kidogo kidogo, mkono mwingine ushike karibu na ngozi usivute. Sio kama nilivyokuwa nakuchana mimi, mkono wangu unaujua. Ukikuta fundo weka chanuo chini, tumia vidole na kondishona. Kuosha mara mbili kwa wiki inatosha, shampuu laini, maji ya vuguvugu, taulo unabonyeza tu husugui. Draya, rangi, dawa ya kulainisha, vyote hivyo weka kando mpaka miezi ipite baada ya kemo ya mwisho.

Na hilo wazo la shangazi yako eti usuke za kubana ili zisionekane zinatoka, mwambie nimekataa mimi. Mzizi umeshachoka unauvuta tena wa nini, na kofia ikikuta misuko haigusi ngozi, inabaki hewa katikati, na palipobaki hewa ndo panapotoka upara. Zako nzito tena zimejikunja, zenyewe tu zinaizuia baridi, kwa hiyo kabla ya kofia zilowanishe, paka kondishona, zilaze, afu mwambie nesi akaze. Akaze! Nasikia mara ya pili ilikuwa inacheza kisogoni ukanyamaza. Una aibu za bure toka zamani, ungerithi mdomo wangu ungekusaidia. Na ukaomba ivuliwe kabla ya zile dakika 90 za baada ya dripu kuisha, hilo nalo nimeambiwa. Ikiisha muda ising'olewe palepale, isubiri iyeyuke kidogo, ikivutwa imegandiana na nywele inaondoka nazo.

Haya yote nesi aliyasema ile siku ya kwanza, mimi nikiwa koridoni na simu sikioni. Simu haikuwa na mtu. Juzi ndo nimempigia nikamuuliza upya, nimeandika kwenye daftari la madeni maana ndo lilikuwa karibu. Na lile neno nililokujibu kwamba nywele zitaota tu, nilikuwa na haraka, sufuria ilikuwa jikoni.

Vile umekaa kwenye kile kiti saa zote zile ukirudi unapokea simu ya kazi, mimi nisingeweza, nawasimulia watu mpaka baba yako ananiambia nipunguze. Ila chana basi.

Nimekushonea foronya za satini, lile gauni langu lilikuwa linakaa tu kabatini, mbili ziko tayari ya tatu zipu imenishinda. Pamba inazikwaruza nywele ukigeuka usiku. Bomba la jikoni baba yako kalifunga na mpira, bado linavuja ila yeye anasema limepona, ukiongea naye usimbishie.

Jumatano nakuja na safari hii nakaa ndani. Mpaka hiyo siku uwe unachana mwenyewe, nikifika niachie mimi, siku hizi naenda polepole. Blanketi lako la kijani nimelifua nakuja nalo, maana na hiyo kofia kichwani mwili mzima unaganda, usinunue lingine.

Mama