Akina mama wa dagaa hawakuitwa wajinga

Mhariri,

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha wavuvi na wachuuzi wa dagaa kwenye mwalo mmoja huku Ilemela. Mgeni alizungumza Kiingereza, akasema akina mama wengi wanaoanika dagaa ni 'illiterate', kwa hiyo mabango ya maelekezo yawekwe picha. Ushauri mzuri. Mkalimani akageuza: "Anasema akina mama wengi ni wajinga." Mama mmoja wa mbele akajifunga kanga upya, akamuuliza mgeni kama anaweza kuangalia mawingu akajua dagaa waanuliwe saa ngapi. Hapo kikao kikaishia. Kesho yake habari ikatoka gazetini mwenu na "wajinga" wake vilevile.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, na maneno haya wanafunzi huyachanganya kila muhula. 'Illiterate' asili yake ni neno la Kilatini la herufi: ni asiyejua kusoma na kuandika, basi. 'Uneducated' ni asiyepitia shule, au aliyepitia kidogo. Huyo anaweza kulisoma gazeti hili kila siku kwa sababu kaka yake alimfundisha nyumbani. 'Ignorant' ni asiyejua jambo fulani, na humo tumo sote, hata profesa asiyejua bei ya sado ya dagaa wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Ila neno hilo ukimpachika mtu bila kutaja jambo lenyewe, umemtukana. Ndugu yake, 'ignoramus', lilianzia mahakamani Uingereza. Kwa Kilatini ni "hatujui", na wazee wa baraza waliliandika nyuma ya hati ya mashtaka walipoona ushahidi hautoshi. Mwaka 1615 mchezo mmoja wa kuigiza uliochezwa Cambridge ukampa mwanasheria mbumbumbu jina hilo, likawa tusi moja kwa moja.

Mkalimani simlaumu sana. Tumekua tukiimbiwa "ujinga, umaskini na maradhi", na kisomo cha watu wazima tukikiita kufuta ujinga. Mwalimu Nyerere alipoufanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, huku Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa UNESCO ulikuwa umeshaanza tangu 1968, watu wakijifunza herufi kwa vitabu vya kilimo cha pamba na uvuvi. Mama yangu alisoma kisomo Sengerema. Kabla ya hapo madeni ya wateja wake yote yalikaa kichwani. Alipojua kuandika akayahamishia kwenye daftari, na mwenyewe anasema ndipo alipoanza kuyasahau.

Mjinga wa Kiswahili cha zamani ni asiyejua bado, ndiyo maana akierevuka mwerevu yu mashakani. Mpumbavu hakupewa bahati hiyo. Lakini leo nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba umwite mtu mjinga, halafu umweleze habari za Kiswahili cha zamani!

Naomba muandike "wasiojua kusoma na kuandika". Ni refu, najua nafasi yenu ni finyu. Msilifupishe likawa "hawajasoma", maana hilo linagusa shule, na baadhi ya akina mama wale walimaliza darasa la saba.

Kikao kimepangwa upya Jumamosi. Mabango ya picha bado hayajachorwa.

Mwalimu wa Kiingereza,
Ilemela, Mwanza