Mteja wa faiba asifungwe kwa ada za kuhama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ada ambazo mteja wa intaneti ya faiba ya nyumbani hutozwa anapoamua kuiacha kampuni moja na kujiunga na nyingine. Kwa asiyelipitia, jambo hili huonekana dogo. Hata hivyo, katika mitaa ya kupanga ya Nairobi na viunga vyake, kuanzia Roysambu na Kasarani hadi Embakasi na Ruaka, bili ya faiba imekaa bega kwa bega na kodi ya nyumba katika hesabu ya mwezi ya familia nyingi, na ada za kuhama ndizo zinazowafanya watu wavumilie huduma ambayo wangeiacha kesho yake kama wangekuwa na uhuru wa kufanya hivyo.

Matangazo ya kampuni hizi yanafanana: kuunganishwa ni bure na ruta ni bure. Mteja hujisajili kupitia simu ya wakala aliyesimama mlangoni, huku vigezo na masharti yakiwa yamefichwa nyuma ya kiungo ambacho wakala mwenyewe hajawahi kukifungua. Siku ya kuondoka ndipo bei hujitokeza. Nilipohama, baada ya majuma kadhaa ya kutazama taa nyekundu ikiwaka kwenye kifaa na kuambiwa kwamba fundi yuko njiani, kampuni niliyoiacha, ambayo sina haja ya kuitaja, ilinitumia SMS yenye madai matatu: gharama ya kuunganishwa iliyosamehewa hapo mwanzo, bei ya ruta, na malipo ya mwezi mmoja kwa kutotoa notisi. Ruta ilihesabiwa kwa bei ya kifaa kipya, ilhali plastiki yake ilikuwa imeshageuka rangi, antena moja ilikuwa imefungwa kwa selotepu, na chaja yake nilikuwa nimeinunua mwenyewe Luthuli Avenue baada ya ile ya awali kuungua siku stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo. Nilipojitolea kuirudisha, niliambiwa haipokelewi bila kasha lake. Sijui ni mpangaji gani wa chumba kimoja anayehifadhi kasha la ruta kwa miaka mitatu.

Haki ya kampuni nayo isemwe. Kumwunganisha mteja kuna gharama zake. Fundi huvuta waya kutoka kisanduku kilicho kwenye nguzo au ngazini, hutoboa ukuta, huunga ncha mbili za uzi wa kioo kwa mashine maalum ya kuyeyusha, kisha nambari ya kifaa cha mteja husajiliwa katika mtambo wa kampuni ili kitambulike. Mteja akiondoka mwezi wa pili, fedha hizo hazijarudi, na si haki mzigo huo abebeshwe jirani yake anayeendelea kulipa. Kwa hiyo sina ugomvi na ada inayorejesha kilichotumika kweli. Ninachokipinga ni ada isiyopungua, ambapo anayeondoka baada ya miezi miwili na anayeondoka baada ya miaka mitatu wanadaiwa kiasi kile kile. Tuseme kuunganisha pamoja na ruta viliigharimu kampuni shilingi 12,000, nayo imepanga kuzirejesha katika miezi 24 ya malipo ya mteja. Kila mwezi unaolipwa unapunguza shilingi 500. Anayeondoka mwisho wa mwezi wa 18 anabakisha 3,000, na aliyemaliza mwezi wa 24 hadaiwi chochote. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu, na kampuni inayokataa kuionyesha inatuambia kwamba ada yake haina uhusiano na gharama.

Dai la notisi ndilo la ajabu zaidi. Faiba nyingi za nyumbani nchini hulipiwa kabla ya kutumika: unatuma fedha kwa M-Pesa, unawashiwa, na siku zako zikiisha unazimiwa hata kama ulikuwa katikati ya mkutano wa kazi au mtoto yuko katikati ya mtihani wa mtandaoni. Kampuni isiyonipa hata saa moja ya subira mwezi unapoisha inawezaje kugeuka na kudai kwamba ilistahili kupewa mwezi mzima wa taarifa? Kwa upande mwingine, mteja anayehama siku ya kumi akiwa amelipia siku thelathini hapewi chake. Siku ishirini zilizobaki zinapotea kimyakimya, na hakuna SMS inayotumwa kuzihusu.

Nyuma ya ada hizi kuna tatizo la nyaya, nalo halizungumzwi vya kutosha. Kila kampuni hapa kwetu kwa kawaida hujenga njia yake yenyewe hadi mlangoni. Ukisimama nje ya ploti yoyote ya ghorofa nne au tano na kutazama juu utaona nyaya nyeusi zimesongamana kwenye nguzo, nyingine zikiwa zimekatwa na kuachwa zikining'inia, na ndani ya jumba utakuta visanduku vitatu vya kampuni tatu ukuta mmoja. Katika mfumo wa GPON unaotumika sana majumbani, uzi mmoja wa kioo kutoka kwenye mtambo hugawanywa kuhudumia nyumba 32 au hata 64, kwa hiyo uwezo wa kuwahudumia wapangaji wote wa ploti mara nyingi ulishafika pale na kampuni ya kwanza. Hata hivyo, mpangaji anayehama huvutiwa waya mwingine, hutobolewa tundu jingine na kupewa ruta nyingine, kisha hulipishwa yote hayo, huku waya wa zamani ukibaki umegandishwa ukutani bila kazi. Hapo sijamtaja keateka, yaani msimamizi wa jumba, ambaye katika majumba mengine hamruhusu fundi wa kampuni mpya kugusa ukuta mpaka naye apewe kitu.

Yapo pia majumba ambayo mwenye nyumba amekubaliana na kampuni moja tu, na fundi wa kampuni nyingine hurudishwa langoni. Mpangaji wa jumba kama hilo hana hata ada ya kulalamikia, kwa kuwa hana pa kuhamia isipokuwa ahame nyumba yenyewe. Makubaliano ya namna hiyo yanastahili kuchunguzwa na Mamlaka ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina mamlaka ya kushughulikia mikataba inayobana soko.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa makini kuliko sisi. Nchini Singapore, waya wa faiba unaoingia nyumbani ni mali ya NetLink Trust, ambayo yenyewe haiuzii kaya intaneti. Kampuni za intaneti hukodi njia hiyo, na mteja anapohama, waya unabaki pale pale. Afrika Kusini nako wenye nyaya kama Openserve na Vumatel huziruhusu kampuni nyingi kuuza huduma juu ya nyaya zao. Huko pia mteja anayeondoka mapema hudaiwa gharama za kuunganishwa, lakini dai hilo huwa na muda maalum, na muda ukipita halipo tena. Nchini Uingereza, tangu tarehe 12 Septemba 2024, mteja anayetaka kuhama huzungumza na kampuni mpya peke yake. Kampuni ya zamani hulazimika kumweleza mapema ada yoyote atakayodaiwa, na hairuhusiwi kumtoza malipo ya notisi kwa siku zinazofuata baada ya kuhama. Siandiki haya kwa kuwa kila kinachofanywa ughaibuni kinatufaa. Nyaya zetu zimejengwa na kampuni kwa fedha zao, na haziwezi kugeuzwa kuwa mali ya umma kwa waraka mmoja. Ila kanuni ya kumweleza mteja bei ya kuondoka kabla hajaingia haihitaji kujenga hata mita moja ya waya.

Wala suala la kuhama si geni kwetu. Aprili 2011 Kenya ilianza kuwaruhusu wateja wa simu kuhama mtandao bila kubadilisha nambari. Waliotumia nafasi hiyo walikuwa wachache, na sehemu ya sababu inaeleweka kwa yeyote aliyekuwa na simu wakati ule: nambari ilihama, lakini akaunti ya M-Pesa haikuhama nayo. Mlango ulifunguliwa upande ambao haukuwa na kufuli. Kwenye faiba kufuli liko kwenye ruta na waya, na kanuni yoyote itakayompa mteja haki ya kuhama bila kugusa vitu hivyo viwili itaishia kama ile ya 2011. Ruta ambayo gharama yake imesharejeshwa iwe mali ya mteja na ifunguliwe, ili kampuni mpya iweze kuisajili pale mitambo inapooana. Ambayo gharama yake haijarejeshwa ipokelewe ofisini kwa risiti, ithaminiwe kulingana na umri wake, na suala la kasha lisahaulike.

Nafahamu kwamba wapo wanaosema soko litajirekebisha lenyewe, hasa baada ya ruta za 5G kuenea mijini na Starlink, intaneti ya setilaiti, kuingia nchini Julai 2023. Ushindani huo umesaidia kwa kiasi fulani, lakini tusisahau kwamba Novemba 2024 Starlink ilisitisha kuwasajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa uwezo wake katika maeneo hayo ulikuwa umejaa. Isitoshe, atakayeiacha faiba na kwenda kwenye huduma hizo bado ataanza kwa kulipa ada ya kuiacha. Kuongeza milango hakumsaidii sana aliyefungiwa ndani.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na huduma, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ipo pia. Kinachokosekana ni Mamlaka ya Mawasiliano kuzitafsiri haki hizo kuwa sharti la leseni: ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaoonyesha ada ya kuondoka mwezi kwa mwezi hadi inapofika sifuri, utumwe kwa SMS au WhatsApp kabla ya fundi kutoboa ukuta. Kampuni isiyoutuma isiwe na haki ya kudai chochote baadaye, na mteja aliyelipia siku ambazo hatazitumia arudishiwe fedha kupitia nambari ile ile aliyolipia.

Mamlaka hiyo hutoa takwimu za sekta kila robo ya mwaka, na ndani yake husema kila kampuni ina wateja wangapi wa intaneti ya nyaya na sehemu gani ya soko. Naiomba iongeze safu mbili katika jedwali lile, moja ya wateja waliohama kutoka kila kampuni katika robo hiyo, na nyingine ya jumla ya ada walizotozwa kwa kuhama.

Mpangaji,
Roysambu, Nairobi.