Nistaafu kwa hiari, au ni woga wa kufa tu?

Mshauri, salamu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, kwetu ni Njombe. Mwakani natimiza miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Kwa lazima ni 60. Nyumbani hatuelewani.

Chanzo ni miti. Likizo ya Juni nilikwenda kijijini, nikamwambia baba mdogo nataka kupanda misindano kwenye eneo aliloniachia marehemu baba. Akaniuliza nina umri gani, kana kwamba hajui. Kisha akasema, "Panda tu, wajukuu watapasua mbao." Hakusema kwa ubaya. Msindano ukitaka ukupe mbao za maana unauacha shambani miaka 18, 20 na zaidi. Nikajumlisha papo hapo. Baba alifariki akiwa na 68.

Tangu siku hiyo najumlisha kila kitu. Naingia kidato cha kwanza naona binti ana sura ninayoifahamu, nauliza, kumbe nilimfundisha mama yake. Zamani mambo hayo yalinichekesha, siku hizi nageukia ubao. Mwaka wenyewe wa shule hauna urefu tena: moko, mtihani wa taifa, mahafali, wanaondoka, wengine wanaingia na sare mpya. Usiku naamka saa tisa, silali tena mpaka adhana. Presha nimepima, iko sawa.

Basi nikaona niachane na misindano nipande parachichi, maana mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ila parachichi hazilimwi kwa simu. Zinataka maji kiangazi, palizi, na mtu wa kufukuza ng'ombe wa jirani. Nataka niende nikiwa bado na magoti ya kupanda vilima vya kwetu.

Mke wangu hataki kusikia, na hoja zake ni nzito. Kitinda mimba yuko kidato cha tano, chuo kinakuja, na mkopo wa bodi haumalizi kila kitu. Halafu kuna kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Kila mwezi wa utumishi unaingia kwenye hesabu, kwa hiyo miaka mitano nikiikata, nimekata mkupuo, zile fedha za mara moja siku ya kustaafu, na pensheni ya kila mwezi pia. Hata mwaka 2024, mkupuo wetu ulipopandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40, yeye ndiye aliyenifafanulia, na mimi ndiye mwalimu wa hesabu! Kwenye fedha ningeweza kubishana naye. Kilichonifunga mdomo alikisema tukila chakula cha usiku: "Wewe hutaki kulima. Unaogopa kufa, na Njombe utakufa vilevile."

Sikumjibu, kwa sababu sijui kama amekosea. Ni kweli kijijini nililala usingizi mzito, lakini nilikuwa likizo, na kwa baridi ile ya Juni nani halali?

Kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Yeye ana biashara yake ya vitenge hapa mjini na amesema wazi hahami. Kwa hiyo miaka ninayoihangaikia hivi nitakwenda kuimalizia mbali naye, tukionana sikukuu kwa sikukuu. Hilo linanikosesha raha kuliko kikokotoo.

Anapendekeza nimlipe kijana atunze shamba, niwe nakwenda likizo, nivumilie angalau mpaka mtoto amalize chuo. Nikifikiria hivyo naona ni busara. Ikifika saa tisa usiku naona ni kifungo.

Naomba ushauri wako, na wa wasomaji waliostaafu wakiwa na 55: wasiwasi huu mliuacha mjini, au mlipanda nao basi? Na je, ni haki kumwomba mwenzangu afunge biashara yake kwa sababu mimi nimeanza kuhesabu miaka?

Mvua za kwetu huanza Novemba na miche lazima niiagize kabla. Barua ya kuomba kustaafu nimeshaiandika. Nijibu kabla sijaifikisha kwa mkuu wa shule.

Mwalimu, Mbagala