Yah: Malalamiko ya tatuu ya lipsi, na swali moja ambalo hamkuniuliza

Habari za kazi uongozi wa saluni,

Naandika maana kuongea bado siwezi vizuri, leo siku ya 11 toka nifanyiwe lipsi hapo kwenu na nikicheka kidogo tu panachanika. Nililipa 300,000 yote kwa mkupuo, meseji ya M-Pesa ninayo, risiti hamkunipa mkasema mashine imeisha karatasi.

Kwanza niseme ukweli, dada aliyenihudumia mkono wake mwepesi na sindano aliifungua mbele yangu kwenye pakiti, hapo sina neno. Ila nilikaa kwenye kile kiti kama masaa matatu, akaniuliza nimeolewa, nakaa wapi, kwa nini nataka pinki na sio brauni, ila hajaniuliza kama huwa natokwa na vile vidonda vya homa mdomoni. Mi navipata toka niko form two, nikiugua malaria tu au nikipigwa na baridi vinatoka. Angeuliza ningemjibu, sio siri.

Siku ya kwanza nilivimba kama nimeng'atwa na nyuki, sikuogopa, aliniambia mapema. Jumanne asubuhi naamka mdomo wa juu mzima malengelenge, madogo madogo yamebanana, yanawaka moto, mpaka mate kumeza kazi. Nikawatumia picha mkanijibu "ni kawaida dear, inapona". Jamani. Nikaenda hospitali, daktari hata hajakaa sawa kaniuliza umewahi kupata hivi kabla, nikasema ndio, akatikisa kichwa. Akanielewesha kwamba kile kirusi cha vidonda vya homa hakitokagi mwilini, kinalala tu kwenye mishipa ya fahamu, ukija kuchoma choma mdomo na sindano kinaamka, ndo maana mtu mwenye historia hiyo anaanzishiwa vidonge vya asaiklovia vya kukizuia kabla hajakalia kiti na anaendelea navyo siku kadhaa. Na wala mimi sio kioja, Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 wanacho, wengi wamekipata utotoni, kwa hiyo kati ya wateja watatu mnaowalaza hapo wawili wanaweza kuwa nacho ingawa sio wote kinawatokea.

Sasa kilichoniudhi zaidi. Maelekezo ya kutunza mmenitumia siku ya NNE, kwenye WhatsApp, tena baada ya mimi kulalamika, afu ndo mkageuza kibao eti nimeharibu mwenyewe kwa kula pilipili. Nilikula ndio! Jumapili nilikunywa urojo na limao lake na chai ya moto, nani aliniambia nisinywe? Na hayo maelekezo yenyewe ni ya kimombo, mmekopi sehemu, yameandikwa habari za sauna na bwawa la kuogelea, mi sauna sijawahi hata kuiona, achari na embe mbichi ya chumvi hamjaitaja wala kuswaki na dawa ya meno inayowasha, wala kwamba yale magamba nisiyabandue. Mafuta ya kupaka mlinipa kakopo hakana jina, nimeuliza mara mbili ni nini hamjibu, mwisho nimetumia vaselini.

Rangi sitoilalamikia leo. Najua sasa kwamba ikibanduka inapauka kwanza, afu inarudi taratibu, na mpaka wiki ya 4 hadi ya 6 ndo unajua umepata nini. Ila nyie mliniambia "siku tatu uko fresh" na niliwaambia kabisa nina sendofu ya mdogo wangu Jumamosi hii. Mngesema ukweli ningekuja miezi miwili kabla au nisingekuja. Pale malengelenge yalipotoka rangi imeondoka nayo, nina mabaka, na lipstiki daktari amekataza mpaka pakauke, kwa hiyo mimi dada wa bi harusi mtarajiwa napiga picha na barakoa.

Ninachotaka ni hela ya daktari na dawa, 65,000, risiti zake nawaambatanishia, na nusu ya ile niliyowalipa. Ya kuongezea rangi sitaki kwenu, nitatafuta mwingine, ila nahitaji jina la rangi mliyotumia ili huyo mwingine ajue anaweka juu ya nini, lipsi zangu ni nyeusi za kuzaliwa na nimeambiwa zinatakiwa zitangulizwe rangi ya kuelekea machungwa kwanza, sijui kama mlifanya. Na hilo swali la vidonda liwekeni kwenye fomu, hata kabla ya jina la mteja.

Nasubiri jibu mpaka Ijumaa. Namba yangu mnayo, msipige, andikeni.

Mteja wenu wa Jumamosi saa nne asubuhi