Redio za walinzi haziwasikii marubani wa sarakasi

Ndugu Mhariri,

Kila majira ya joto wazungumzaji wengi wa Kiswahili tunaoishi Marekani huenda na watoto kutazama ndege za kivita zikicheza sarakasi: Dayton hapa Ohio, ufukweni mwa ziwa kule Chicago, au Pensacola, Florida, nyumbani kwa kikosi cha Blue Angels. Wengi wanatamani pia kuwasikia marubani wanavyosemezana, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Wananunua redio za mkononi za bei nafuu kama wanazotumia walinzi, mfano Baofeng UV-5R, kisha wanashinda uwanjani wakisikiliza mkwaruzo mtupu.

Redio hiyo si mbovu. Imeundwa kwa FM, ilhali marubani huzungumza kwa AM, namna nyingine ya kubeba sauti kwenye mawimbi ya redio. Ndege za kiraia ziko kati ya megahezi 118 na 137. Jeshi lina sehemu yake, 225 hadi 400, na vikosi vya sarakasi huzungumza zaidi huko. AM haijabaki kwa sababu ya ukale. Marubani wawili wakibonyeza kitufe cha kuzungumza kwa wakati mmoja, AM hutoa mluzi mkali na kila mtu anajua kuna ujumbe umegongana. FM ingempitisha mwenye nguvu na kumficha mwenzake. Zaidi ya hayo, redio ya walinzi haipokei tu, inarusha pia mawimbi, na kurusha bila leseni ni kosa. Usimwachie mtoto kitu kama hicho katikati ya umati ambamo wazima moto na waelekeza magari wanategemea redio za aina hiyohiyo.

Kinachotakiwa ni skana, yaani redio ya kupokea tu. Uniden BC125AT inatosha kabisa: inanasa sehemu zote mbili kwa AM, ingawa upande wa jeshi inaishia 380. Kabla ya kulipa, soma kwenye kasha uhakikishe 225 hadi 380 imo. Skana nyingi za bei ya chini zinaruka kutoka 174 moja kwa moja hadi karibu 400, na muuzaji hatakwambia.

Antena nayo ina hesabu yake. Gawa 7,125 kwa megahezi, utapata urefu wa robo ya wimbi kwa sentimita: kwa 240 ni karibu 30, kwa 125 ni 57. Antena ya kuvuta ni bora kwa sababu unaipunguza utakavyo. Ukiiacha kwenye 57 huku unasikiliza 240, inakaribia nusu ya wimbi na hailingani tena na redio, hivyo ndefu inasikia vibaya kuliko fupi. Ukisikia muziki wa stesheni ya FM au sauti mbili zilizochanganyika kila unapohamia, skana imezidiwa na mitambo ya karibu. Fupisha antena mpaka hali itulie. Ndege ziko mbele ya macho yako, hazihitaji antena kubwa.

Masafa ya Blue Angels na ya Thunderbirds, kikosi cha sarakasi cha Jeshi la Anga la Marekani, hubadilika, kwa hiyo usitegemee orodha ya mwaka juzi. Nenda siku ya mazoezi, ambayo kwa kawaida ni Ijumaa. Kutoka 225 hadi 380, kwa hatua za kilohezi 25, kuna hatua 6,200. Amri ya rubani inadumu sekunde moja au mbili, hivyo ukisaka zote kwa mkupuo itakupita. Saka vipande vya megahezi 15 au 20, funga masafa yanayokoroma muda wote ili skana iyaruke, na kila ukinasa sauti tazama juu: je, ndege zinafanya kinachosemwa? Ukishayapata masafa ya kikosi, acha kusaka na ubaki hapohapo. Msimamizi wa anga ya maonyesho huzungumza kwenye masafa ya kiraia, naye hupangia ndege zamu ya kuingia.

Faida ya kazi yote hiyo ni sauti ya kiongozi. Marubani wa pembeni wanaitazama ndege yake, hawatazami ardhi, na kwa Blue Angels nafasi kati ya ndege hushuka hadi inchi 18. Amri yake huja kwa sehemu mbili. Aliyepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ataelewa mara moja: "nyuma" ni tahadhari, "geuka" ndiyo tendo. Kiongozi wa Red Arrows wa Uingereza anaagiza moshi namna hiyohiyo, anautaja kwanza, kisha linafuata neno fupi na ndege zote zinawasha pamoja. Amri za moshi ni nyingi kwa sababu kila ndege yao ina moshi mweupe wa dakika 5 tu, mwekundu wa dakika 1 na wa bluu dakika 1. Mawingu yakishuka chini mno wanaacha vitanzi vya kupanda juu na kubaki na mizunguko, na anayesikiliza anayajua mabadiliko hayo kabla ya umati. Sauti ikibana ghafla na maneno kukatika, usihangaike na skana. Rubani anabana misuli ya tumbo kwa sababu mwili wake umekuwa mzito mara kadhaa kwenye kona.

Masikio yalindwe. Usipandishe sauti ishindane na injini. Weka spika ndogo za masikioni, kisha vifuniko vya masikio kama vya fundi juu yake.

Mwisho ni sheria. Marekani, sheria ya nchi inaruhusu kupokea mawasiliano ya ndege, ila baadhi ya majimbo, New York na Florida yakiwemo, yanabana skana zinazonasa polisi ndani ya gari. Uingereza, kifungu cha 48 cha sheria ya redio ya mwaka 2006 kinakataza kusikiliza ujumbe usiokuhusu, hata kama skana zinauzwa madukani. Ugiriki, mwaka 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa wakitazama ndege na kuandika namba zake walikamatwa Kalamata. Walihukumiwa mwaka uliofuata, kisha wakaachiwa kwa rufaa. Ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wawaulize waandaaji kwanza, na wapate jibu la maandishi, kabla ya kutia skana mkobani.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio