Foleni ya Kigongo na safari za familia zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo moja linalohusu kivuko cha zamani cha Kigongo na Busisi, kule Ziwa Victoria mkoani Mwanza. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lililochukua nafasi ya kivuko hicho, tarehe 19 Juni 2025, tumesoma mengi, na kwa haki kabisa, kuhusu urefu wake wa kilomita 3, kuhusu gharama yake iliyozidi shilingi bilioni 700, na kuhusu wagonjwa wa Sengerema ambao zamani walikwama ng'ambo wakisubiri kivuko ili wafikishwe Hospitali ya Bugando. Mimi ni mmoja wa waliolishangilia daraja hilo, na sitamani hata kidogo mgonjwa au mama mjamzito arudi tena kusubiri ukingoni mwa maji. Ninachotaka kukisemea ni kumbukumbu za ile foleni ya magari yaliyosubiri kivuko, ambazo naona zinapotea upesi kuliko nilivyodhani.

Kwa miaka mingi, familia iliyotoka Mwanza kwenda Geita au Kagera kwa gari ilikuwa na njia chache. Wapo waliovukia Kamanga, wakianzia mjini kabisa. Wapo waliozunguka mbali kupitia Shinyanga na Kahama. Lakini wengi wetu tulipita Nyegezi, Mkolani na Buhongwa, tukakata kulia pale Usagara, tukateremka hadi Kigongo, na hapo safari ikasimama. Inaweza kuwa saa moja, inaweza kuwa nusu siku. Ilitegemea urefu wa foleni, hali ya vyombo na upepo wa siku hiyo.

Nyumbani kwetu safari hiyo ilikuwa ya kila Desemba. Baba yangu alikuwa mtu wa Magu, mwalimu wa jiografia. Mama ni wa Kamachumu, kule Muleba, na kama wajuavyo wenyeji wa Kagera, Krismasi isiyofanyika kijijini haihesabiki kuwa Krismasi. Hapo awali tulikuwa tukisafiri kwa meli, tukilala ndani usiku kucha na kuamka karibu na Kemondo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wao wakazikwa Igoma. Familia nyingi za Mwanza na Bukoba zilikuwa na mtu wa kumlilia, nasi tulikuwa naye. Kuanzia mwaka huo mama alikataa kabisa kupanda meli, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na msiba, akaanza kutupeleka kwa barabara katika Peugeot 504 ya familia, ile yenye safu ya tatu ya viti nyuma kabisa, ambako sisi wadogo tulibanwa pamoja na mizigo.

Kwa hiyo kivuko kilibaki kuwa maji pekee ambayo mama alilazimika kuyavuka. Abiria wote walishuka garini, dereva peke yake akaingiza gari, nasi tukapanda kwa miguu na kusimama kando ya vyuma vya kujishikia. Mara tu lango lilipoanza kuinuliwa, mama alitoa rozari kwenye pindo la khanga na kuanza kusali. Alisali matendo yote matano, kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa kwenye mwamba mmoja wa upande wa Busisi, na kwa kawaida alikuwa akimalizia sala ya mwisho wakati lango la upande wa pili linaposhushwa. Sisi watoto tulijua umbali wa ghuba ile kwa kipimo hicho, kabla hatujajua kilomita.

Naomba nikae kidogo kwenye ile foleni yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Baba alizima injini, akafungua milango yote, na mama akatandika khanga chini ya mti. Chupa ya chai ilitolewa, pamoja na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa cheupe na mayai aliyoyachemsha alfajiri. Lakini nani angekula mayai ya nyumbani wakati harufu ya sato wa kukaanga inapita mbele ya pua? Kina mama wauzaji walikuja na masinia vichwani, samaki wakiwa wamepangwa vichwa nje mikia ndani, na walimfungia mteja kwenye kipande cha gazeti pamoja na chumvi iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Walikuwapo wauza karanga, miwa iliyomenywa na kukatwa vipande, machungwa, na vijana waliojaza maji kwenye rejeta kwa malipo kidogo. Mbele yetu lilikuwa basi la Bukoba, nyuma yetu lori la ng'ombe, na watu wote hao, wasiojuana, walianza kuulizana wanatoka wapi na wanakwenda kwa nani. Nimewahi kuona bibi mmoja wa Geita akimpakata mtoto wa abiria wa basi kwa muda wote wa kusubiri, ili mama yake apumzike, bila yeyote kumwomba afanye hivyo.

Hapo ndipo baba alipofundisha. Darasani nilimjua kama mwalimu mkali, lakini kwenye foleni alikuwa mtu mwingine. Alituonyesha wavuvi na kutueleza kwamba sangara hakuwa samaki wa ziwa hili tangu asili, bali aliletwa miaka ya 1950, na kwamba furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi ambao yeye aliwala utotoni, walitoweka baada ya sangara kuongezeka. Alitueleza kwa nini dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwamba taa ya mvuvi haiwavuti vizuri mwezi ukiwa angani, na jioni moja tulipochelewa hadi giza likaingia, tuliziona taa zenyewe zimejipanga majini mbali sana, tukadhani ni mji. Alitusimulia jinsi reli ilivyofika Mwanza mwaka 1928 na kuufanya mji wetu kuwa bandari kubwa ya ziwani. Alitulazimisha pia kuamkia wazee wa Kisukuma kwa lugha yao, na ole wake aliyeona haya. Tulipiga magoti kwenye vumbi la Kigongo tukisema "Mwangaluka," nao wazee wakauliza sisi ni watoto wa nani na wa ukoo gani. Naamini asilimia kubwa ya ninachokijua kuhusu nchi hii ya ziwani nilikipata pale tukisubiri zamu yetu.

Mizigo nayo ilikuwa na habari zake. Bibi yetu wa Magu hakukubali gari liondoke bila michembe na matobolwa ya wakwe zake wa Muleba. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, na hayo watoto huyatafuna njiani kama peremende. Kule Kamachumu, wakwe waliozoea ndizi waliyapokea kwa heshima kubwa, na babu mzaa mama alikuwa akiyala taratibu sana, akitafuna upande mmoja, huku akimsifu mkwe wake kwamba ana mama anayejali watu. Tuliporudi, Peugeot ilishushwa chini na mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna, na senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa, kwa kuwa Novemba na Desemba ndio msimu wao mkubwa. Bibi wa Magu hakuwahi kuthubutu kuonja senene, lakini aliwagawia majirani akiwaambia kwa fahari kwamba ni zawadi kutoka kwa wakwe zake. Undugu wa pande mbili za ziwa ulijengwa hivyo, mzigo kwa mzigo.

Baada ya Busisi sehemu iliyobaki ilipita upesi katika akili zetu: Sengerema, Geita ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, Katoro, Buseresere, Bwanga, vumbi jekundu, na lile pori la Biharamulo ambalo wazazi walilipita kimya kwa hofu ya majambazi. Pumzi zilishuka tulipoanza kuona migomba.

Desemba iliyopita nilimpeleka mama Kamachumu nikiwa na watoto wangu. Baba alikwisha kututangulia, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kupita darajani. Gari lilipogusa daraja alitoa rozari kama desturi yake. Hakuwa amemaliza Salamu Maria kumi za tendo la kwanza, tayari tulikuwa Busisi. Aligeuka, akatazama nyuma, akaniuliza kama kweli tumekwisha kuvuka, kisha akamshukuru Mungu na kuendelea na tendo la pili kwa ajili ya roho ya baba. Watoto wangu hawakuinua macho kwenye simu zao. Nilipowaambia kwamba hapa ndipo sisi tulipokuwa tukishinda kutwa, mdogo wao aliuliza: "Mlikuwa mnafanya nini siku nzima?" Nilianza kumjibu, na kabla sijafika hata kwenye sato wa kukaanga, tulikuwa tumeingia Sengerema na yeye ameanza kuulizia soda.

Swali la mtoto huyo linastahili jibu refu kuliko lile nililoweza kumpa ndani ya gari. Kumbukumbu za serikali zitatunza tarehe ya jiwe la msingi, Desemba 2019, na jina la Rais John Magufuli aliyeliweka. Majina ya vivuko MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema yatabaki kwenye mafaili. Lakini hakuna faili litakalotunza namna mama wa sinia alivyofunga samaki, wala kile ambacho baba mmoja alimweleza mwanawe juu ya ziwa wakati wakisubiri. Kumbukumbu hizo zimo vichwani mwa watu ambao sasa wana miaka 60, 70 na 80, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Mimi mwenyewe nina maswali mengi ambayo ningependa kumuuliza baba kuhusu safari hizo, na hakuna tena wa kuyajibu isipokuwa mama, ambaye anakiri kwamba muda mwingi alikuwa akisali.

Niliporudi Januari nilisimama upande wa Busisi na kumtafuta mama mmoja ambaye tumekuwa tukinunua samaki kwake tangu ujana wake. Aliniambia kwamba kivuko hicho kiliwasomesha watoto wake, na kwamba analipenda daraja kwa sababu binti yake alijifungua salama Mwanza usiku wa manane, jambo ambalo zamani lingekuwa bahati nasibu. Lakini magari hayasimami tena mbele yake. Alisema angetamani pawepo mahali pazuri pa kuegesha, ili msafiri apate sababu ya kushuka.

Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. La kwanza nawaelekezea viongozi wa halmashauri za Misungwi na Sengerema, pamoja na wanaosimamia barabara: zitengwe sehemu salama za kusimama karibu na maegesho ya zamani ya kivuko, kwa pande zote mbili, zenye vibanda vya hao kina mama, kivuli, vyoo safi, na mabango ya kueleza jinsi watu walivyovuka kabla ya daraja. Familia inayosafiri na watoto itasimama, itakula, italitazama ziwa, na wazazi watapata nusu saa ya kusimulia. Si lazima liwe jengo kubwa la makumbusho kama lile la Bujora. Mti, benchi na samaki wa moto vinatosha kuanzia.

La pili nakuelekezea wewe. Fungua nafasi katika gazeti hili, hata robo ukurasa kwa juma, ambako wasomaji wataandika kumbukumbu zao za kuvuka Kigongo, Busisi na Kamanga: madereva wa malori, makondakta, mabaharia wa vivuko, wauza karanga, maharusi waliochelewa kanisani kwa sababu ya foleni, na wale waliozaliwa ukingoni kabla chombo hakijafika. Waombe walete na picha. Najua zipo nyingi kwenye albamu za watu, zimebandikwa nyuma ya makaratasi yanayonata, na zinaharibika kwa unyevu.

Ili nisiwe mtu wa kuomba tu, naambatanisha ya kwetu. Inamwonyesha mama ameketi juu ya khanga kando ya Peugeot, kikombe cha chai mkononi, na nyuma yake baba ameinua kidole kuelekeza kitu majini ambacho hakikuingia kwenye picha. Mama ameridhia itumike. Anaomba tu irudishwe kwake ikishanakiliwa, kwa kuwa hatuna nyingine, na yuko tayari kumweleza mwandishi wako yeyote atakayefika Nyegezi, ilimradi asije saa ya misa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa siku zote,
Nyegezi, Mwanza.