Wanafunzi wa fildi kwenye hanga za ndege walipwe hata nauli

Mhariri,

Shilingi za Uganda 635,000. Hiyo ndiyo pesa mama yangu alitoa ili mimi nifanye fildi, yaani mafunzo ya kazi ya chuo, wiki 8 kwenye hanga moja huko Entebbe, yaani karakana ya kutengeneza ndege, jina silitaji maana mafundi walionifundisha walikuwa watu wazuri na hii shida iko karibu kila mahali. Nauli ya takisi kutoka Kampala 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, chakula cha mchana 4,000, siku 40, piga hesabu mwenyewe, alafu ongeza buti za usalama 75,000 kwa sababu bila buti mlango huo hupiti. Kampuni ilinipa ovaroli ya kuazima na barua ya kuonyesha nimemaliza. Mama anauza nyanya na vitunguu sokoni, na muhula uliofuata mdogo wangu alikaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya kukosa ada ya shule. Hiyo ndiyo bei ya fildi yangu na nitaikumbuka siku zote.

Nisieleweke vibaya, nilichojifunza pale sikuwahi kukipata darasani. Wiki ya kwanza mzee mmoja fundi alinipa boliti mbili na waya mwembamba akaniambia nifunge. Nikafunga vile nilivyoona kwenye video, akaangalia, akachukua koleo akaukata bila kusema neno. Nikarudia, akakata. Nadhani ilikuwa mara ya sita ndio akainama akanionyesha, kwamba waya lazima uvute boliti upande wa kukaza, ukivuta upande wa kulegeza ni sawa na hujafunga kitu, na misokoto kwa waya wa saizi ile iwe 6 mpaka 8 kwa kila inchi, ikizidi waya unachoka na unaweza kukatika ndege iko juu. Tena kuna ule ubao wa vifaa, kila spana imechorewa umbo lake, jioni mkikuta umbo moja liko tupu hakuna anayeenda nyumbani na ndege haitoki mpaka spana ipatikane. Siku moja tulitafuta bisibisi ndogo mpaka saa mbili usiku, ikapatikana imelala ndani ya bawa. Fikiria ingebaki humo.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Nina rafiki anatoka Kitgum, mbali kaskazini mwa Uganda, ananizidi hesabu mbali sana, yeye ndiye alikuwa ananielewesha mambo ya joto na mgandamizo usiku pale hosteli kabla ya mtihani. Alipata nafasi hanga hiyo hiyo, barua anayo mpaka leo, akaja siku 4 akaacha. Hana ndugu Entebbe wala Kampala, hosteli ilikuwa imefungwa kwa riseesi, yaani likizo ndefu ya chuo, pesa ya nauli ikaisha. Akarudi kwao akamalizia fildi kwenye gereji ya mjomba wake wanatengeneza boda boda. Kazi ya boda boda ni kazi ya heshima, lakini yule kijana ni mtu wa ndege, tangu namjua anachora mabawa nyuma ya daftari. Tuliobaki hanga tulikuwa 5 na watatu kati yetu wazazi wao wanaishi Entebbe. Hakuna mtu aliyekaa akawachagua kwa upendeleo, nauli ndiyo iliyochagua.

Mabosi wakiulizwa wanasema mwanafunzi wa fildi ni mzigo, anakula muda wa injinia na hawezi kusaini kazi yoyote. Kusaini kweli hatuwezi, ndege inaruhusiwa na mwenye leseni tu na ni vizuri iwe hivo. Lakini wiki 3 kati ya zile 8 mimi nilikaa ofisini naingiza kadi za kazi kwenye kompyuta, kadi za miaka mingi zilizokuwa zimerundikana kwenye maboksi, na wenzangu waliosha ndege, wakabeba vifuniko vya injini, wakasafisha sakafu ya hanga kila jioni. Kama tusingekuwepo si angeajiriwa mtu na si angelipwa? Wazee walisema mkono mtupu haulambwi.

Kuna wanaotuambia acheni kulalamika, ombeni zile intanshipu, yaani fildi, za Marekani za kulipwa. Tunaziomba jamani, kila mwaka. Ni kweli wanafunzi wa kule wakiwa likizo ya kiangazi wanaingia NASA, shirika lao la anga za juu, kama wiki 10 wakilipwa, na makampuni makubwa kama Boeing yanawalipa intani wao kwa saa. Ila intanshipu za kawaida za NASA ni za raia wa Marekani, na kwenye makampuni ya roketi na setilaiti kuna sheria yao inaitwa ITAR, inayohesabu teknolojia nyingi za namna hiyo pamoja na silaha, kwa hiyo nafasi nyingi wanapewa raia, wenye kibali cha kuishi kudumu na waliopewa hifadhi. Ukiwa na pasipoti ya Uganda uko nje hata uwe na maksi za kwanza darasani. Siwalaumu, ni nchi yao na siri zao. Ninachosema ni kwamba hiyo si njia ya kuwaelekeza vijana elfu, na sisi wenyewe tuna ndege hapa.

Na kuiga tunaweza. Zile Airbus A330-800 mbili za Uganda Airlines tulizozipokea mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 ziliunganishwa Toulouse, Ufaransa, na Ufaransa sheria inasema mwanafunzi akikaa intanshipu zaidi ya miezi miwili ni lazima alipwe, kuna kiwango cha chini kabisa kimewekwa kwa saa. Kwa hiyo ndege tumenunua, na ule utaratibu wa kulea watu wanaozitengeneza hatukuuchukua.

Maana fundi wa ndege halelewi kwa mwaka mmoja. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka uwe na uzoefu wa miaka 4 kabla ya leseni, au 2 kama umemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa, na mtu anayeshindwa nauli ya wiki 8 hiyo miaka ataifikaje? Na si kwamba hatuna pa kuanzia, chuo cha urubani Soroti kipo tangu 1971. Setilaiti yetu ya kwanza PearlAfricaSat-1 ilirushwa Novemba 2022, na mainjinia watatu wa Uganda walioijenga walikwenda kuijengea Japani, Kyushu, pamoja na wenzao wa Zimbabwe na Wajapani. Siku ile ilivyorushwa tulijazana hosteli tunaangalia kwa simu moja, watu wanapiga kelele kama ni mpira. Wale watatu kuna mtu aliwagharamia kukaa na kazi mpaka waijue. Nyuma yao nani anagharamiwa?

Siombi mshahara wa injinia. Naomba kampuni zote zinazogusa ndege hapa Uganda, za serikali na za watu binafsi, zitoe nauli na chakula cha mchana, buti ziwe za kampuni zinabaki hanga, na nafasi zitangazwe gazetini mapema ili mtoto wa Kitgum azione siku moja na mtoto wa Entebbe. Kwa hesabu ya mama yangu, kumgharamia mwanafunzi mmoja wiki 8 ni 560,000 bila kuhesabu buti. Wanafunzi 5 ni shilingi 2,800,000 riseesi nzima.

Rafiki yangu amebakiza mwaka mmoja na ana fildi moja tena, inaanza Juni. Ameniuliza kama ajaribu tena ile hanga na mimi bado sijamjibu. Kama kuna bosi anayesoma hapa na ana nafasi yenye nauli, aitangaze kwenye gazeti hili, nitamkatia rafiki yangu huo ukurasa nimpelekee mwenyewe.

Mwanafunzi wa uinjinia,
Kikoni, Kampala